Likipasuka bwawa la starehe, nani hulipa?

Samaki wa klabu ya South Fork waliletwa kwa treni. Walikuwa samaki wa kuvuliwa kwa ndoana na mabwana wenye nafasi kutoka Pittsburgh, na kwa kuwa walikuwa wamegharimiwa, haikufaa watoroke. Wakuu wa klabu wakaweka nyavu za chuma katika utoro wa bwawa, yaani ile njia ya pembeni inayopitisha maji ya ziada ili yasipande juu ya tuta. Samaki wakabaki ziwani. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha magharibi mwa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, nyavu zikanasa matawi na magogo, utoro ukaziba, na ziwa likaendelea kupanda. Saa tisa na dakika kumi hivi alasiri tuta la udongo likaondoka. Mbele ya maji yale, kama kilomita 22 bondeni, palikuwa na mji wa viwanda vya chuma uitwao Johnstown. Waliokufa walihesabiwa 2,209.

Nimeanza na samaki kwa makusudi. Mkasa wa Johnstown husimuliwa sana kuanzia kwenye mvua, na mvua ikishakuwa ndiyo mwanzo wa hadithi, kila mtu anapona lawama. Mvua ya siku ile ilikuwa kubwa kweli, hilo halina ubishi. Lakini bwawa lile lilikuwa na historia ya nusu karne, na tangu liwe mahali pa starehe, karibu kila badiliko lililofanywa juu yake liliwafaa waliokaa kando ya ziwa. Waliokaa bondeni hawakuulizwa.

Bwawa lenyewe halikujengwa kwa ajili ya uvuvi. Serikali ya jimbo ilianza kulijenga mwaka 1838 ili lilishe maji mfereji wa mashua za mizigo. Kazi ikasimama, ikaanza tena, ikakamilika 1853, wakati ambapo reli ilikuwa imekwisha kuwapokonya wenye mashua biashara yao. Miaka michache baadaye kampuni ya reli ikalinunua pamoja na mali nyingine za mfereji, na kwa kuwa treni hazihitaji ziwa, likaachwa. Mwaka 1862 sehemu ya tuta ilibomoka, ila maji yalikuwa kidogo na madhara yakawa madogo. Hilo lilikuwa onyo la bure. Mmiliki aliyefuata, mwanasiasa John Reilly, aliyang'oa mabomba ya chuma yaliyopita chini ya tuta akayauza kama chuma chakavu.

Hapo msomaji asimame kidogo. Mabomba yale ndiyo yaliyomwezesha mtunza bwawa kulipunguza maji kwa hiari yake. Bila mabomba, ziwa halishushwi. Huwezi kulipunguza mvua inapokaribia, na huwezi hata kulikausha ili ukague au ukarabati upande wa ndani wa tuta. Kuanzia siku ile bwawa la South Fork lilikuwa na njia moja tu ya kutolea maji, ule utoro, na huo ndio uliokuja kuwekewa nyavu.

Mwaka 1879 Benjamin Ruff akalinunua na kuanzisha Klabu ya Uvuvi na Uwindaji ya South Fork. Pengo la 1862 lilizibwa kwa udongo, mawe, matawi na nyasi kavu, pasipo mhandisi wa kusimamia kazi. Mabomba hayakurudishwa. Kilele cha tuta kikapunguzwa ili njia iliyopita juu yake iwe pana, magari mawili ya farasi yaweze kupishana. Miongoni mwa wanachama walikuwamo Andrew Carnegie, Henry Clay Frick na Andrew Mellon. Walikuwa watu ambao, wangetaka, wangeweza kulijenga bwawa lile upya kwa fedha za mfukoni.

Na usidhani hakuna aliyesema. Daniel Morrell, mkuu wa kampuni ya chuma ya Cambria iliyoajiri watu wengi wa bonde lile, alimtuma mhandisi wake John Fulton mwaka 1880 akalikague tuta. Fulton akaandika alichokiona: hakuna mabomba ya kutolea maji, na ukarabati haukufanywa sawasawa. Ruff akajibu kwa barua kwamba watu wa Morrell hawakuwa katika hatari yoyote kutokana na shughuli za klabu. Morrell alijitolea hata kuchangia gharama za matengenezo, akakataliwa. Mwishowe akanunua uanachama wa klabu, pengine ili awe na jicho ndani. Alifariki 1885, na tuta likabaki lilivyokuwa.

Johnstown nako, kila majira ya kuchipua, watu walikuwa wakiambiana kwamba leo bwawa litapasuka. Halikupasuka. Mwaka uliofuata wakaambiana tena. Baada ya miaka kadhaa ikawa ni mzaha wa vilabuni. Siku lilipopasuka kweli, ujumbe wa simu za maandishi ulitumwa kutoka juu zaidi ya mara moja, na waliousikia wengi waliuchukulia kama ule ule wa siku zote. Maji yalifika mjini saa kumi na dakika saba hivi. Yalikuwa yamebeba nyumba, mabehewa, miti na seng'enge, na vyote hivyo vikajazana kwenye daraja la mawe chini ya mji, kisha vikashika moto huku watu wakiwa wamenaswa humo. Jamaa 99 ziliangamia nzima nzima, baba, mama na watoto. Zaidi ya maiti 750 hazikutambuliwa.

Klabu haikulipa fidia hata senti moja kwa amri ya mahakama. Ilikuwa na mali kidogo kwa jina lake, na wanachama walikuwa watu mbali na klabu mbele ya sheria. Mawakili wao walijua kazi yao. Carnegie aliujengea mji maktaba. Chama cha wahandisi kilifanya uchunguzi, kikachelewa kuutoa, kisha kikasema kwamba hata tuta lingebaki na kimo chake cha awali maji yangelipita. Watafiti waliopima upya bonde lile katika karne hii walilikanusha hitimisho hilo: kushusha kilele kwa ajili ya magari ya farasi kulipunguza vibaya sana uwezo wa bwawa kupitisha maji. Ilichukua zaidi ya miaka 120 kwa ukweli huo kupimwa na kuandikwa.

Kwa nini nawasumbua wasomaji wa Jumapili na msiba wa karne ya 19 katika nchi ya mbali? Kwa sababu mpangilio ule haujafa. Bwawa hujengwa kwa kazi ya maana: umeme, umwagiliaji, maji ya mji, mfereji. Kazi ile inakwisha. Tuta linabaki, maji yanabaki, na watu wanagundua kwamba maji yaliyotulia yanapendeza. Panajengwa nyumba, hoteli, gati ya mashua. Bwawa linageuka ziwa katika mazungumzo, hata wenyeji wapya hawajui kwamba pale mwisho wa maji, penye miti mizuri na njia ya kutembelea, pana lundo la udongo lililorundikwa na watu, na kwamba lundo hilo lina umri.

Bwawa la umeme lina mita. Bwawa la maji ya mji lina bili kila mwezi. La umwagiliaji lina mpunga au kahawa ya kulipia fundi. La starehe lina mandhari, na mandhari hayatoi risiti. Mapato yake huingia kwa mlango mwingine, katika bei ya viwanja vinavyoyatazama maji, katika vyumba vya hoteli, katika ada za klabu. Hayaendi kwenye tuta. Isitoshe, starehe inataka maji yajae. Hakuna anayelipia chumba ili atazame tope. Mhandisi mwangalifu anataka nafasi iachwe juu ya maji kwa ajili ya gharika. Mwenye hoteli anaiona nafasi hiyo kama hasara. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo, na mara nyingi mhandisi ndiye anayeshindwa.

Nchini Marekani kwenyewe daftari la taifa lina mabwawa zaidi ya 90,000. Zaidi ya nusu ni mali ya watu na mashirika binafsi, na kazi inayotajwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote ni burudani. Mengi ni matuta ya udongo.

Tuta la udongo si kitu cha kudharau. Likijengwa vizuri, udongo ukashindiliwa tabaka kwa tabaka, kiini chake kikiwa cha mfinyanzi na upande wa chini ukiwa na vichujio vya mchanga na kokoto, hukaa miaka mia na zaidi. Lakini lina maadui wawili. Wa kwanza ni maji kupita juu. Zege likipitiwa na maji hustahimili kwa muda. Udongo haustahimili, huchimbika kutoka upande wa chini kurudi nyuma hadi kilele kinakatika. Wa pili ni maji kupita ndani. Kila tuta huvuja kidogo, na hilo peke yake si tatizo. Tatizo huanza pale maji yanayochuruzika yanapokuwa na rangi, kwa maana kwamba yamebeba udongo. Hapo ndani kuna njia inayochimbwa, na huwezi kuiona. Mizizi ya mti uliokauka huacha matundu. Panya na wanyama wengine wachimbao hufanya hivyo hivyo. Bomba la chuma lililolala chini ya tuta kwa miaka 60 huoza, na kandokando yake maji hupata upenyo. Ndiyo maana ukiona tuta lililoota miti mikubwa yenye kivuli kizuri cha kupumzikia Jumamosi, wewe unaona bustani. Mkaguzi anaona kazi iliyoachwa.

Yaliyotokea Toccoa, jimbo la Georgia, mwaka 1977 yanafaa kusomwa na kila anayesimamia shule, kanisa au hoteli yenye kibwawa. Bwawa la Kelly Barnes lilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama kizuizi cha magogo na mawe, likaongezwa udongo, likaongezwa tena, likawa la kuzalisha umeme wa chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni. Umeme ukakoma mwaka 1957, bwawa likabaki kuwa ziwa la kupendeza juu ya chuo. Michoro ya ujenzi haikuwapo. Upande wa chini wa tuta ulikuwa mkali mno na wenye miti, na miaka michache kabla ya maafa sehemu yake ilikuwa imeporomoka. Usiku wa tarehe 6 Novemba, kama saa saba na nusu, baada ya mvua nyingi, likapasuka. Watu 39 walikufa, na watoto walikuwa 20 kati yao.

Lililoniudhi zaidi katika kisa hicho ni karatasi. Sheria ya kuyakagua mabwawa ya nchi nzima ilikuwa imepitishwa na bunge la Marekani mwaka 1972, miaka mitano kabla. Ilichokosa ni fedha. Rais Jimmy Carter, mzaliwa wa jimbo hilo hilo, aliamuru ukaguzi uanze baada ya mazishi.

Michigan mwaka 2020 ni kisa cha aina nyingine, nacho kinaleta ugumu ambao watetezi wa usalama, mimi nikiwemo, hatupaswi kuukwepa. Bwawa la Edenville lilijengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya umeme, likazaa Ziwa Wixom: nyumba za wikiendi, mashua za injini, gati mbele ya kila uwanja. Kwa miaka mingi tume ya serikali kuu inayosimamia umeme ilimwambia mmiliki kwamba utoro wake hautoshi kupitisha gharika kubwa kabisa inayoweza kutarajiwa pale. Hakuupanua. Mwaka 2018 tume ikamfutia leseni. Adhabu ya haki, utasema. Lakini angalia matokeo yake: leseni ilipofutwa mapato ya umeme yakakoma, usimamizi ukahamia serikali ya jimbo yenye masharti mepesi zaidi kuhusu utoro, na bwawa likabaki na kazi moja, kuwapa watu ziwa. Mmiliki alilishusha ziwa wakati wa baridi akisema ni kwa usalama. Jimbo likamshtaki mwishoni mwa Aprili 2020 kwamba hakuwa na kibali, na kwamba kome wengi walikufa kwa kukaukiwa na maji. Wenye nyumba za kando walitaka ziwa lao. Maji yakarudishwa kwenye kimo cha kiangazi.

Tarehe 19 Mei, jioni, tuta likateleza. Maji hayakuwa yamepita juu yake. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba mchanga uliokuwa ndani ya sehemu ile haukushindiliwa vizuri tangu miaka ya 1920, na ziwa lilipopanda kuliko wakati wowote uliopita, mchanga huo ulipoteza nguvu kwa ghafla na kuwa kama uji. Bwawa la Sanford lililokuwa chini nalo likapitiwa. Watu karibu 10,000 walihamishwa, na hakuna aliyekufa, kwa sababu waliambiwa watoke mapema na wakatoka.

Je, nani mkosaji hapo? Mmiliki aliyekataa kupanua utoro kwa miaka, ndiyo. Lakini kila ofisi iliyohusika ilikuwa na kitu chake cha kulinda: umeme, kome, bei ya viwanja. Wenyeji wa bonde hawakuwa na ofisi iliyowasemea.

Waingereza wamefanya vizuri kidogo. Mwaka 1925 kijiji cha Dolgarrog huko Wales kilipoteza watu 16 kwa kupasuka kwa bwawa, na mwaka 1930 bunge lao likatunga sheria inayolazimisha mabwawa makubwa yakaguliwe na wahandisi waliosajiliwa kwa kazi hiyo. Sheria imerekebishwa tangu hapo, ila msingi wake umedumu. Basi mwezi Agosti 2019 mvua ikanyesha juu ya Whaley Bridge, mji mdogo wa Derbyshire. Juu yake kuna bwawa la Toddbrook, tuta la udongo la karne ya 19 lililojengwa kulisha mfereji na ambalo wakati huo lilikuwa na klabu ya mashua za tanga. Zege la utoro wake wa ziada, lililowekwa karibu mwaka 1970, likapasuka na udongo wa chini ukaanza kuchukuliwa. Wakazi 1,500 waliambiwa waondoke. Helikopta ya jeshi ikadondosha mamia ya tani za kokoto kwenye shimo, pampu zikashusha maji, tuta likasimama.

Uchunguzi ulisema utoro ule ulisanifiwa vibaya tangu mwanzo, na matengenezo hayakuwa ya kutosha. Na bwawa lilikuwa limekaguliwa miezi tisa tu kabla! Kwa hiyo nisieleweke kwamba muhuri wa mkaguzi unazuia maji. Hauzuii. Kilichowaokoa watu wa Whaley Bridge ni kwamba bwawa lilikuwa na mwenyewe anayejulikana, aliyeweza kuitwa usiku, mwenye fedha za kukodi pampu, na kwamba polisi walijua ni mitaa ipi iliyo kwenye njia ya maji.

Tukirudi nyumbani, hayo ndiyo mambo ya kujipima nayo. Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata, lilifunguliwa mwaka 1953 ili kuwapa watu wa jiji maji ya kunywa. Baadaye likawa mahali pa starehe. Walikuwako waendesha mashua za tanga, klabu yao na mashindano yao. Kisha maji machafu na takataka za mitaa isiyopewa mabomba wala magari ya taka yakalijaza, gugu maji likatanda, mashua zikaondoka. Leo anayepita barabarani anaona kama konde la kijani. Kila mpango wa kulifufua unapotangazwa, kinachosikika zaidi ni magugu, harufu, na ndoto ya kurudi kwa mashua. Kuhusu tuta na utoro husikii sana. Na maji yanayotoka pale hufuata Mto Ngong, kupita pembeni mwa viwanda hadi Mukuru, ambako watu wanaishi mlango kwa mlango na mto.

Sisemi kwamba tuta lile linakaribia kuanguka. Nasema kwamba bwawa lililojaa mashapo lina nafasi ndogo ya kuhifadhi gharika, hivyo maji ya mvua kubwa huufikia utoro haraka kuliko mhandisi wa mwaka 1953 alivyokadiria. Na kwamba yeye alipokadiria, Mukuru ya leo haikuwepo. Hilo la pili ni zito kuliko wanavyodhani wengi. Wataalamu hulipanga bwawa katika daraja la hatari kwa kuangalia litaua nani likipasuka, si kwa kuangalia nyufa zake. Maana yake ni kwamba bwawa linaweza kupanda daraja bila mtu yeyote kuligusa, kwa sababu tu mji umehamia chini yake. Lililojengwa juu ya malisho ya ng'ombe leo liko juu ya shule, na faili lake bado linasema malisho.

Solai tulikwisha kuonyeshwa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo la shamba kubwa la watu binafsi lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47. Halikuwa la starehe, lilikuwa la kilimo, lakini mpangilio ni ule ule: faida juu ya kilima, vijiji chini. Swali la kibali, na nani alikagua, na lini, liliulizwa kwa sauti kubwa baada ya maiti kutolewa kwenye matope.

Halafu mwaka 2024. Mvua za Machi hadi Mei zilipozidi, serikali ya Kenya ilitoa ilani mwanzoni mwa Mei: wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 zilizojaa, katika kaunti 33, waondoke ndani ya saa 24. Wengi waliisifu ilani ile, na ni kweli kuonya ni bora kuliko kunyamaza. Mimi niliisoma kwa hasira. Ikiwa mabwawa 178 yangeweza kuorodheshwa katikati ya gharika, barabara zikiwa zimekatika, basi yangeweza kuorodheshwa Januari, jua likiwaka, orodha ikabandikwa kwenye ofisi ya chifu na kusomwa barazani. Mwananchi mwenye kuku, mgonjwa kitandani na watoto watano hahami kwa saa 24 kwa sababu ya bwawa ambalo hakuwahi kuambiwa liko wapi.

Najua wenye mabwawa watajibu nini. Watasema ziwa huleta ajira kwa watu wa bondeni: wapishi, walinzi, waongoza mashua. Kweli. Watasema pia kwamba ukiwabebesha gharama za wahandisi, wadogo watafunga milango, na ndege na samaki watapotea. Huenda. Lakini mwenye daladala au matatu haruhusiwi kuacha breki kwa hoja kwamba amemwajiri kondakta. Gharama ya usalama ni sehemu ya gharama ya starehe, na asiyeweza kuilipa hajawahi kuimudu starehe hiyo. Alikuwa akikopeshwa na watu wa chini bila wao kujua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua hautapendwa na rafiki zangu wenye hoteli. Bwawa lolote la udongo lililopoteza kazi yake ya awali na kubaki la starehe lipewe mwenyewe mmoja, kwa jina, anayewajibika kwa mali yake, si kwa mali ya klabu isiyo na kitu. Wote wanaofaidi maji, kuanzia hoteli hadi wenye viwanja vya kando, wachangie mfuko wa tuta kila mwaka kabla hawajachangia rangi ya gati. Ripoti ya mkaguzi iwe ya wazi, na nakala ya Kiswahili ipelekwe kwa wanakijiji wa chini. Kenya ina Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tanzania ina bodi za maji za mabonde na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Vyombo vipo. Na pale ambapo mwenyewe hapatikani, au anapatikana lakini hana fedha, ziwa likaushwe kwa utaratibu, na tuta likatwe kiangazi, mchana, mhandisi akiwapo. Ni uamuzi mchungu kwa wanaolipenda. Ni bora kuliko likatwe na mvua usiku.

Wewe unayeishi kando ya mto ulioanzia kwenye ziwa la hoteli, shamba, shule au klabu, usingoje ilani. Nenda ofisi ya maji ya eneo lako uulize: tuta la juu yangu ni la nani, lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na likipasuka maji yatafika kwangu baada ya dakika ngapi. Ukiambiwa hakuna faili, rudi na majirani zako, na diwani au mwakilishi wa wadi, na mwandishi wa habari. Mvua za masika huanza Machi.